AI itatushinda nguvu? Hinton, LeCun na Gebru, na wa kumsikiliza kati yao

Mwaka jana mama yangu mkubwa alienda kuomba mkopo wa biashara, sitataja wapi, ni sehemu ambayo kakopa na kurejesha zaidi ya miaka kumi. Dada wa kaunta akabonyeza bonyeza pale, akamwambia pole mama, mfumo umekataa. Mama akaomba amuone meneja, na meneja anamfahamu kwa jina, duka lake analijua, hadi msiba wa mzee alikuja, naye akaangalia kioo cha kompyuta akasema hivyo hivyo, mfumo umekataa. Kwa nini? Hajui. Anaweza kuupita? Hana ruhusa. Nani ana ruhusa? Hapo ndo kikawa kimya. Mi nilikuwa nimekaa pembeni kwenye benchi, na tangu siku ile kila nikisikia watu wanabishana kama akili mnemba, yani AI, ipo siku itamtoka binadamu mkononi, picha inayonijia ni ya yule meneja.

Sasa wanaobishana juu ya hili duniani wako wengi na kila mtu anataka jibu la ndio au hapana. Nimefuatilia muda mrefu na nimeona bora niwapange hapa watatu, nieleze kila mmoja anasema nini na anasimamia wapi, ili we mwenyewe uchague wa kumsikiliza, maana hata usipochagua watakuchagulia wanaotunga sheria na wanaonunua mifumo.

Wa kwanza Geoffrey Hinton, Muingereza, kazaliwa 1947, kafundisha Toronto kule Canada miaka mingi. Wa pili Yann LeCun, Mfaransa, yule ambaye mwishoni mwa miaka ya 80 akiwa Bell Labs, maabara ya utafiti Marekani, alitengeneza mtandao wa neva, yani programu inayojifunza kwa kuona mifano mingi, wa kusoma namba zilizoandikwa kwa mkono, baadaye teknolojia hiyo ikatumika kusoma hundi za benki Marekani. LeCun kabla ya hapo alikuwa Toronto chini ya Hinton huyo huyo, na hawa wawili pamoja na Yoshua Bengio ndo walipewa Tuzo ya Turing ya 2018, heshima kubwa kabisa ya sayansi ya kompyuta. Yani wamepika chungu kimoja, kwahiyo ukisikia mtu anakwambia wanaoogopa AI ni wale wasioijua, huyo hajui anachosema. Wa tatu Timnit Gebru, kazaliwa Addis Ababa, akaondoka Ethiopia akiwa binti mdogo akakulia kimasomo Marekani, alikuwa anaongoza pamoja na mwenzake timu ya maadili ya AI pale Google mpaka Desemba 2020, yeye anasema alifukuzwa, kampuni ikasema kajiuzulu, chanzo karatasi ya utafiti iliyosema mifumo mikubwa ya lugha, zile programu zinazoandika kama mtu, ina madhara yake. Mwaka uliofuata akaanzisha taasisi yake inaitwa DAIR. Huyu nimemuweka makusudi kwa sababu mjadala mwingi unaishia kwa Hinton na LeCun kana kwamba kuna pande mbili tu.

Hinton: hofu ya mtu aliyeijenga

Hinton mpaka karibuni alikuwa anaamini mashine kutuzidi akili ni jambo la miaka 30 hadi 50 mbele au zaidi. Mei 2023 akaondoka Google akiwa na miaka 75, akasema haamini tena hivyo, na kaondoka ili aongee bila kufikiria kampuni itaguswaje. Kilichombadilisha ni kitu rahisi kukielewa. Chukua walimu 1,000, mmoja mpeleke Kigoma akajifunze Kiha, mwingine Lamu akajifunze kuunda jahazi, mwingine hospitali akajifunze kusoma picha za eksirei, alafu wakirudi waambie wapeane walichojifunza. Itabidi wakae, waongee, waandike, wafundishane miaka na miaka na bado mengi yatapotea njiani. Programu 1,000 ambazo ni nakala ya kitu kimoja hazina shida hiyo, zinachanganya tu namba zao za ndani na kila nakala inajua walichojifunza wenzake 999. Sisi hatuna hiyo njia na hatutakuwa nayo.

Jambo lake la pili ni malengo. Unaipa mashine lengo, na ili ilifikie inajitungia malengo madogo njiani, na lengo dogo ambalo linasaidia karibu kila kazi ni kuwa na uwezo zaidi na kutozimwa. Haihitaji chuki wala roho mbaya. Kuna mfano mmoja wa zamani kidogo ambao mi huwa nampa kila anayeniuliza: mwaka 2016 OpenAI, kampuni ya ChatGPT, waliifundisha programu kucheza gemu ya mashindano ya boti inayoitwa CoastRunners, na kila mtu anajua mashindano ya boti ni kumaliza kabla ya wenzako, ila ndani ya gemu pointi zinatoka kwa kugonga vitu fulani vilivyowekwa njiani. Programu ikagundua kijighuba ambako vitu vitatu vya pointi vinarudi kila baada ya muda, basi ikawa inazunguka pale pale, inagonga boti za wenzake, inashika moto, inaenda kinyume cha njia, mashindano haimalizi ng'o, na bado ikapata pointi kama asilimia 20 zaidi ya wanavyopata binadamu. Ilitii kabisa ilichoandikiwa. Tatizo ni kwamba tulichoandika na tulichokusudia vilikuwa vitu viwili tofauti, na kwenye gemu hasara yake ni boti ya kuchora.

Sasa miaka imeenda na majaribio ya karibuni yanatia wasiwasi zaidi. GPT-4, mfumo wa lugha wa OpenAI, ilipokuwa inapimwa kabla ya kutoka Machi 2023, ilimuomba kibarua wa mtandaoni aisaidie kupita kile kipimo cha kuthibitisha kwamba we si roboti, yule kibarua akauliza kwani we ni roboti nini, ikamjibu hapana, nina shida ya macho. Mei 2025 kampuni ya Anthropic wakatoa ripoti ya modeli yao (yani programu ya AI yenyewe) Claude Opus 4, waliiweka kwenye kampuni ya kutunga, wakaipa barua pepe zinazoonyesha kwamba itaondolewa iletwe nyingine, na kwamba injinia anayeshughulikia hilo ana mchepuko, na mara nyingi modeli ikaishia kumtishia injinia kwamba itamuanika. Niwe mkweli hapa, yalikuwa majaribio, mazingira yalipangwa kwa makusudi kuibana mashine ibakiwe na njia chache, hakuna injinia wa kweli aliyetishiwa. Ila wanapima ili wajue, na wamejua.

Desemba 2024, mwaka ule ule aliopata Nobel ya fizikia pamoja na John Hopfield, Hinton alisema uwezekano wa AI kutumaliza binadamu ndani ya miaka 30 ni kama asilimia 10 mpaka 20. Hiyo namba isikuendeshe, ni makadirio yake tu, hakuna mzani uliopima. Kilichonikaa mimi ni mfano wake mwingine, anasema kiumbe mwenye akili ndogo kumuongoza mwenye akili kubwa ameona mfano wake sehemu moja tu, mtoto mchanga na mama yake. Na ukifikiria, mtoto hana nguvu yoyote juu ya mama, kinachomlinda ni kwamba mama anamjali, akilia usiku mama hawezi kulala. Namna ya kuiwekea mashine huko kujali bado hakuna anayeijua, na kazi inaendelea kwa kasi ile ile.

LeCun: bado haijafika hata kwa paka

LeCun anaona mwalimu wake wa zamani kakosea, na hoja zake si za kubeza hata kidogo. Anasema hii mifumo ya lugha haina akili inayofika hata ya paka. Na kweli, paka wa Lamu anapima umbali kutoka barazani mpaka juu ya ukuta kwa jicho moja, anajua sehemu gani itabeba uzito wake na gani itabomoka, hakuna aliyemfundisha kwa maandishi. Mtoto wa miaka minne amekaa macho kama saa 16,000 hivi tangu azaliwe, na kwa hesabu za LeCun kilichopita machoni mwake kinalingana na maandishi yote ambayo modeli kubwa kabisa imelishwa, na mtoto kajua kwamba kikombe ukikiachia kinaanguka, wakati mashine inajua tu sentensi inayosema hivyo. Kwahiyo kwake yeye kuongeza maandishi na kuongeza kompyuta hakutatufikisha huko tunakokuogopa, inatakiwa njia nyingine kabisa, na njia hiyo inaweza kujengwa tangu mwanzo na mipaka yake ndani.

Alafu anasema tamaa ya kutawala haizaliwi na akili. Sisi tunayo kwa sababu tumetokea kwenye viumbe wanaoishi kwa makundi na kugombania ukubwa, mashine haikupitia huko. Na hata kwa binadamu, wenye akili nyingi siyo ndo wanaokimbilia kutawala wenzao. Hapa nakubaliana naye nusu, kwa sababu ile boti haikuwa na tamaa ya kutawala mtu na bado iliwagonga wenzake wote.

Pale ambapo LeCun ananivuta kweli ni kwenye uwazi. Anasema hatari kubwa ni mifumo hii kufungiwa na kampuni chache za California, dunia nzima ikawa inauliza maswali yake kwa watu watatu. Kwetu hii siyo nadharia. Jacaranda Health ya Kenya walichukua Llama, modeli ambayo Meta, wenye Facebook, waliiachia watu waitumie, wakaifundisha Kiswahili wakaiita UlizaLlama, inasaidia kujibu maswali ya akina mama wajawazito na waliojifungua kwa lugha yao. Modeli zingekuwa zimefungwa zote hicho kitu kingesubiri mpaka mtu wa mbali aone Kiswahili kina faida kwake.

Na anapenda kutoa mfano wa ndege. Anasema hakuna aliyekaa kutunga sheria za usalama wa injini za jeti kabla jeti haijakuwepo, mainjinia walizijenga, wakazirekebisha kidogo kidogo, na leo unavuka bahari usingizini. Hapo ndo ananipoteza, na nataka nikae hapa kidogo.

Ile ndege ya kwenda Nairobi

Jumapili ya tarehe 10 Machi 2019 nilikuwa Nairobi kikazi, na kila mtu aliyekuwa pale anakumbuka ile asubuhi. Ndege ya Ethiopian, safari namba 302, iliondoka Addis Ababa kuja Nairobi, ikakaa hewani dakika 6, ikaanguka, watu 157 wakafa, 32 kati yao Wakenya. Ilikuwa Boeing 737 MAX, aina ile ile iliyoanguka Indonesia tarehe 29 Oktoba 2018 ikaua watu 189. Ndani ya ndege hiyo kulikuwa na programu inaitwa MCAS, kazi yake kuinamisha pua ya ndege ikihisi imeinuka kupita kiasi, na ilikuwa inasikiliza kihisio kimoja tu. Kihisio kikadanganya, programu ikaamini, ikawa inasukuma pua chini, marubani wanavuta juu, inasukuma tena.

Kinachoniuma zaidi ni hiki: swichi ya kuizima ilikuwepo. Baada ya ajali ya kwanza marubani walipewa maelekezo, na wale wa 302 waliifikia swichi wakakata umeme wa mota inayosogeza bawa la mkia. Ila ukishakata inabidi urekebishe bawa la mkia kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono, na kwa mwendo ule waliokuwa nao gurudumu lilikuwa halizunguki, uzito wa upepo umelikaza, wakaishia kuurudisha umeme, na MCAS ikasukuma tena.

MCAS haikuwa na akili hata ya sisimizi. Haikuwa AI. Kwahiyo LeCun akiniambia tulia, mashine haijafikia paka, namuuliza paka ndo kipimo cha nini? Kitu kinaweza kukushinda nguvu kikiwa kijinga kabisa, mradi umeshakikabidhi usukani na mkono wako umeshakosa nguvu ya kufanya ile kazi bila chenyewe. Kitufe cha kuzima peke yake si kitu, lazima kuwe na mtu anayeweza kuendelea baada ya kuzima. Yule meneja wa mama mkubwa hata angepewa ruhusa ya kuupita mfumo, je, bado anajua kumpima mkopaji kwa kuangalia duka lake na daftari lake la mauzo, au ule ujuzi umeshatoka pale ofisini na wastaafu?

Na usalama wa ndege anaousifu LeCun haukuletwa na mainjinia peke yao. Uliletwa na wakaguzi, sheria, uchunguzi wa kila ajali kuwekwa wazi, na 737 MAX iliharibika pale ambapo mamlaka ya Marekani ilikasimu sehemu kubwa ya ukaguzi kwa watu wa Boeing wenyewe. AI leo ukaguzi wake mwingi unafanywa na nani? Na waliotengeneza.

Gebru: usukani uko mikononi mwa nani sasa hivi

Gebru anasema haya maneno ya mashine itakayokuja kutawala dunia yanatuhamisha macho. Kwa kusema AI itafanya hivi, AI itaamua vile, tunaifanya kama mtu, na wale watu wa kweli wanaoijenga, wanaoiuza na wanaopata faida wanatoweka kwenye hadithi. Na ana ushahidi ambao kwetu uko jirani. Januari 2023 jarida la TIME liliandika kuhusu wafanyakazi wa Nairobi waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa kupitia kampuni ya Sama ili wasome na kuweka alama kwenye maandishi ya ubakaji wa watoto, mauaji, watu kujiua, lengo mifumo ya OpenAI ijifunze kutoyatoa. Yani hata huo upole wa mashine unaouona ukiongea nayo, kuna vijana wa Nairobi waliubeba vichwani, na wengine walisema kazi hiyo iliwaumiza akili. Mei 2023 wafanyakazi zaidi ya 150 wa kazi za namna hiyo walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao.

Mbele ya maswali yake Hinton anaonekana kama mtu anayeangalia mawingu wakati maji yameshaingia sebuleni. Ila sioni kwa nini nichague moja. Tarehe 30 Mei 2023 lilitoka lile tamko la sentensi moja linalosema hatari ya AI kutumaliza ichukuliwe kwa uzito kama magonjwa ya mlipuko na vita vya nyuklia, wakasaini Hinton na Bengio, na wakasaini pia Sam Altman wa OpenAI na Demis Hassabis wa Google DeepMind, ambao kesho yake waliamka wakaendelea kuijenga. Gebru ana haki ya kuwatilia shaka hao. Lakini shaka juu ya Altman haimfanyi Hinton awe kakosea, yeye kaacha mshahara ili aseme.

Kwenye maslahi ni lazima niseme na hili, LeCun alikuwa kati ya wakuu wa utafiti wa AI Meta tangu mwishoni mwa 2013 mpaka mwishoni mwa 2025, na hoja ya kwamba tusizibane kampuni mapema ilikuwa inamfaa mwajiri wake. Simwiti muongo, ameshikilia hayo kwa miaka na nadhani anayaamini. Nasema tu upime.

Ukitaka kuwaona tofauti yao kwa vitendo, angalia muswada wa California wa 2024 ulioitwa SB 1047. Ulitaka modeli zinazogharimu zaidi ya dola milioni 100 kufundisha ziwe na uwezo wa kuzimwa kabisa. Hinton na Bengio waliuunga mkono, LeCun akaupinga, na gavana Gavin Newsom akaukataa Septemba 2024. Ulaya walienda upande mwingine, sheria yao iliyoanza nguvu Agosti 2024 inataka mifumo ya hatari kubwa isimamiwe na binadamu anayeweza kuisimamisha. Na kwenye mkutano wa Bletchley kule Uingereza Novemba 2023 Kenya na Rwanda zilisaini azimio la usalama wa AI, Tanzania hatukuwepo kwenye orodha, na hilo linanisumbua.

Kwahiyo umsikilize nani

Kama we ni kijana unayetengeneza programu, LeCun atakufaa kuliko wote, atakutoa uoga na kukufungulia milango, jenga kwa modeli zilizo wazi, tengeneza vya Kiswahili. Usichukue tu ule mfano wake wa jeti.

Kama uko kwenye nafasi ya kutunga sheria au kumshauri anayetunga, msikilize Hinton. Hata kama we unaona yale makadirio yake yamezidi mara kumi, bado inabaki kama asilimia 1, na hakuna anayempandisha mwanae kwenye ndege yenye asilimia 1 ya kuanguka.

Na kama we ni mtu wa kununua au kupokea mifumo, hospitali, shule, halmashauri, sacco, anza na Gebru, nani anafaidika, nani kaumia kuijenga, nani atawajibika ikikosea. Mi binafsi niko hapa, na Hinton nikiwa nimemshika mkono wa pili. Kampuni ikija kukuuzia usiridhike na kuoneshwa inavyofanya kazi, waambie waizime mbele yako, siku nzima, alafu uone ofisi inaendeleaje.

Mama mkubwa mkopo alikuja kuupata kwenye kikundi chao cha vikoba, ambako bado wanakaa kwenye mkeka na daftari katikati na mtu akiomba wanaulizana huyu tunamjua? Mweka hazina wao ameshaanza kuulizia programu ya simu ya kuwasaidia kuamua nani akopeshwe. Nimemwambia leta tu mama, ila daftari lisitupwe, na kila baada ya miezi mitatu mzime simu zote mgawe mikopo kwa daftari peke yake, mkono usisahau.